Barua Niliyomrudishia Tomasi

Restituta mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Mimi hali yako naijua, nimekuona ukitoka hapa saa nane umevaa viatu vipya, unakwenda Bombambili kuwaaga wenzio wa kwaya, unaimba njia nzima kama mtu aliyekwisha fika huko anakokwenda. Nimebaki mimi na daftari hili la mdogo wako, nimechana kurasa za katikati, atanigombeza kesho. Nataka niwe nimemaliza kabla hujarudi. Barua hii nitaitia kwenye begi lako chini ya kanga, na wewe usiifungue mpaka basi lipite Njombe. Najua utaiona mapema, maana una mikono isiyotulia, lakini angalau ukiwa mbali hutaweza kuteremka ukarudi kunipigia kelele.

Habari za kuchemsha maji, kufunga mlango na kutokubali soda ya mwanaume usiyemjua, shangazi yako amezisema tangu juzi. Siziongezi. Mimi nina neno moja tu, na si zuri.

Unakumbuka siku uliyoleta barua ya ajira? Uliingia sokoni mbio, nimeinama kwenye belo la mitumba nachagua masweta, ukanitia karatasi mkononi. “Mama soma! Karani, Dar es Salaam! Kupiga chapa na kutunza mafaili!” Nikasoma. Nilipofika chini, kwenye jina la mwajiri, nikakaa juu ya lile belo. Ukauliza, “Hufurahi?” Nikakuambia kichwa kinaniuma. Ukanuna siku mbili, ukawa unamwambia shangazi yako kwamba mama ana kijicho na mwanawe. Nilisikia. Ukuta wa nyumba yetu hapa Msamala unaujua ulivyo.

Haikuwa kijicho, Resti. Jina lile ni la Tomasi wa Lihungo.

Sasa utasema: lakini mama, Tomasi wa Lihungo si ndiye mwenye lile shamba la kondoo mlilokuwa mnafanya kazi zamani? Ndivyo nilivyokuambia. Tangu ukiwa mtoto nimekuambia sisi tulikuwa wafanyakazi tu kule, ardhi ilikuwa ya wazungu, kazi ikaisha tukahamia mjini. Nilikudanganya. Nilikudanganya kwa sababu kweli yenyewe inanionyesha mimi mama yako nilivyokuwa mjinga, na nilipenda uwe na mama mwenye akili.

Lihungo ni yetu. Ule mgongo wa mlima kusini kule, ukishapita Matogoro na vijito viwili visivyo na daraja, ni kwa babu yako Kamilius na baba zake. Nyumba yetu ilikuwa juu, na makaburi yetu nyuma ya nyumba. Wazungu walikuja wakatukuta.

Baba yake Tomasi tulimwita Bwana Sufu. Alikuja kabla ya Uhuru na mke, mtoto mmoja wa kiume, na Biblia ya dhehebu ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Watu wetu ni Wakatoliki, wamezoea padre asiye na mke. Bibi yako alipowaona alisema kwa sauti, “Huyu naye ni padre wa namna gani, usiku anasali na nani?” Walicheka kilabu kizima cha pombe ya ugimbi, na maneno yale yalimfuata yule mzungu mpaka alipoondoka. Dini yake haikupata mtu hata mmoja. Jumapili sisi tulishuka kwenda misa, yeye akabaki barazani anawahubiria mkewe, mwanawe na mbwa wawili.

Lakini kondoo aliwajua. Aliwaleta kwa miguu kutoka huko juu Njombe, akakaa njiani wiki kadhaa, fisi wakala wake, homa ikala wake, waliofika wakawa ngozi na mifupa. Serikali ya Mwingereza ilimpa karatasi ya malisho. Ilimpa majani tu, nyumba yetu na makaburi yetu aliyaacha. Alimwambia babu yako, “Mzee, hapo ni pako, kondoo wangu wakiingia uwakamate.” Akajenga josho la kuogeshea kondoo, akajenga zizi la mawe, akajenga nyumba ya ufumaji ambamo wanawake walisokota sufu. Babu yako akawa mkuu wa wachungaji wake. Usinifikirie mtu wa kuchukia kila kilicho cheupe. Yule mzee nilimpenda. Mikono yake ilikuwa na sugu kama ya baba.

Tomasi alikua nasi. Anaongea Kingoni, unachokisifia wewe tangu siku ya usaili, kwa sababu alifundishwa jikoni kwa bibi yako, akila ugali na kisamvu, akipigwa kibao pamoja nasi tukiiba karanga. Alikuwa na dada mdogo, Ana, aliyezaliwa palepale Lihungo. Nilipokuwa darasa la tatu, Ana akashikwa na homa. Ilikuwa mvua kubwa, vijito vimejaa, gari haliwezi kuvuka. Siku ya tatu akafa. Alikuwa na miaka sita, na jina langu alikuwa hawezi kulitamka, aliniita Gode.

Asubuhi yake Bwana Sufu akaja nyumbani kwetu, akasimama uwanjani na barua mkononi. Kwa nini barua na mtu mwenyewe yupo? Kiswahili chake kilikuwa kinamwishia akilia, na nadhani aliona jambo lenyewe ni zito, lisemwe kwa maandishi. Babu yako hakujua kusoma. Akaniita mimi. Nikaisoma kwa sauti, watu wamesimama. Alikuwa anaomba mahali pa kumzika mtoto, kwenye makaburi yetu.

Kwetu makaburi ya ukoo hayaingii mtu wa nje. Mkwe mwenyewe anajadiliwa. Babu yako aliingia ndani akatoka na jembe. Bibi yako alikwenda kumwosha Ana kwa mikono yake. Tukamlaza kando ya mama yake babu. Baadaye Bwana Sufu akaweka bamba la saruji lenye jina. Ya kwetu hayana majina, yana mawe tu ya mtoni, lakini sisi tunajua nani kalala wapi.

Ile barua babu yako aliiweka kwenye kopo la tumbaku. Kila alipokorofishana na mtu kuhusu mpaka, kila kondoo walipovunja uzio wa mahindi, aliniita: “Gaudensia, nisomee.” Nasoma. Anatikisa kichwa, anaikunja. Nimeisoma ile barua mara nyingi kuliko Katekisimu.

Baada ya Azimio la Arusha serikali ikalichukua shamba. Bwana Sufu akaondoka na familia yake. Alimkumbatia babu yako, wazee wawili wanalia mbele ya kondoo, nasi hatujui tutazame wapi. Halafu wakaja mameneja wa serikali, kila mgeni mkubwa akachinjiwa kondoo, na wageni wakubwa walikuwa wengi. Tukahamishwa kushuka kijijini, ila mashamba ya juu tuliendelea kulima na makaburi tukayafagia. Babu yako akafa, tukamzika juu. Baba yako alipofariki nami nikarudi kwa ndugu zangu, wewe ukiwa mgongoni na mdogo wako tumboni, nikalima mahindi pale alipolima yeye. Tulikuwa hatujambo.

Kisha ikaja hii miaka ya ruksa. Maduka yakajaa sabuni, watu wakaanza kuuza na kununua hata ambavyo havikuwa na bei, na siku moja Landrova ikapanda Lihungo. Akateremka mwanaume mwenye mvi kidogo, akaniita kutoka mbali, “Gaude! We Gaude! Karanga ziko wapi?”

Loo, nilipiga vigelegele. Nilimkimbilia. Nilichinja jogoo wangu yule mwekundu, nikapika wali niliokuwa nautunza kwa ajili ya Pasaka. Akala kwa mkono. Akauliza habari ya kila mtu, akalia kwenye kaburi la bibi yako, akalia kwenye kaburi la Ana. Akaniambia baba yake alikwisha kufa huko kwao, na yeye hana kitu cha mzee hata kimoja, nyumba waliyoishi iliungua moto na kila kilichokuwamo.

Hapo ndipo nilipokosea. Unajua kwetu mtu akifa, vitu vyake vinagawiwa wanawe. Shati, shoka, kiti, hata kibuyu kilichopasuka, vinakwenda kwa mtoto. Ukikaa na kitu cha marehemu na mwanawe yuko mbele yako hana chochote, wewe ni mtu wa namna gani? Niliingia ndani, nikafungua kopo la tumbaku, nikatoka na ile barua. Nilimkabidhi kwa mikono miwili, nimepiga goti. Nilimwambia, “Pokea, huu ndio mwandiko wa baba yako.” Hakuna aliyenituma. Hakuniomba. Hakujua hata kama ipo.

Aliisoma palepale. Akalia tena, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Nami nililala usingizi mzuri siku ile, najiona nimetenda jambo la haki.

Miezi michache baadaye tukaona vigingi vya saruji vimechimbiwa kuzunguka mlima wote, na mashamba yetu yako ndani. Tukaitwa mkutano kwenye ofisi ya kijiji. Walikuwapo watu wa ardhi kutoka mjini na mezani kuna ramani. Tomasi akasimama, akaongea vizuri, kwa upole wake huohuo unaousifia. Akasema familia yake iko Lihungo tangu zamani, hata dada yake amelala pale, na ushahidi ni kaburi lenye jina na saruji. Akataka watu wa ardhi waonyeshwe makaburi mengine yenye jina. Hakuna. Mawe ya mtoni.

Nikasimama mimi. Damu inachemka lakini sina wasiwasi, maana najua kitu kipo. Nikasema, “Tomasi, toa ile barua ya baba yako, uwasomee hawa.”

Akanitazama. Hakukunja uso, hakupandisha sauti. Akasema, “Barua ipi, dada Gaudensia?”

Resti, kuna watu wamepigwa, kuna watu wameibiwa. Mimi nilivuliwa nguo mbele za watu, na aliyenivua alikula wali wangu wa Pasaka. Nilipiga kelele, nikamtukana, nikamwita majina ambayo sitayaandika hapa. Mtu wa ardhi akacheka, akamwuliza mwenyekiti, “Huyu mama yuko sawa?” Mwenyekiti, ambaye babu yako alimpa mahari ya kuolea, akaniambia niketi. Nikaketi. Ndugu zangu wakaniuliza nje, “Barua unayoisema iko wapi?” Nikasema nilimpa mwenyewe. Wakanitazama, mmoja akatema mate chini. Mpaka leo wapo wasionisalimia.

Tuliachiwa tuvune tu. Siku ya Marehemu Wote nilipanda na mishumaa kama kila mwaka, nikakuta geti na askari. Akanipa daftari. “Andika jina na sababu ya ziara.” Eti sababu ya ziara! Niombe ruhusa ya kumtembelea baba yangu! Niliandika, usidhani sikuandika. Niliandika jina langu, nikasubiri juani mpaka wamalize kula.

Sasa nakuambia la pili, ambalo sijamwambia mtu yeyote, wala padre kwenye kitubio wala shangazi yako.

Nyumba ya ufumaji ilipofunguliwa tena walitafuta wasokotaji, nami nikaenda kuomba kazi. Ndiyo, kwa Tomasi. Ulikuwa unakula sana wewe. Lakini sikwenda kwa njaa peke yake. Nilikwenda ili niwe karibu.

Babu yako alikuwa na utaratibu mmoja, alimfundisha hata Bwana Sufu. Madume ya kondoo hayakai na majike mwaka mzima. Yanafungiwa zizi lake, yanaachiwa Desemba tu, ili wanakondoo wazaliwe Mei, mvua imekata na majani bado mabichi. Ukiyaachia Oktoba, watoto watazaliwa Machi, katikati ya masika, kwenye matope na upepo wa mlimani. Hilo kila mtu wa Lihungo analijua. Tomasi alijenga geti la chuma kwenye zizi la madume, na Batista akawa mshika ufunguo.

Batista ni mtoto wa baba yangu mdogo. Wewe humkumbuki vizuri, alikuwa anakubeba begani. Babu yako ndiye aliyemfundisha kondoo, na baada ya babu hakuna aliyewajua kama yeye. Mchana mmoja wa Oktoba, wachungaji wamekwenda kula, ufunguo umeachwa kwenye msumari, nilitoka kwenye ufumaji nikasema naenda haja. Nikafungua. Sikuyafukuza hata, yalijiendea yenyewe. Nikafunga geti kama lilivyokuwa, nikarudisha ufunguo, nikasokota sufu mpaka jioni. Wachungaji waliyarudisha kesho yake, wakidhani madume yaliruka pale ukuta ulipobomoka. Kwa hiyo haikuwa shida kubwa, walidhani.

Machi wakaanza kuanguka. Jike linazaa, mtoto anasimama mara moja, matope yanamvuta. Asubuhi tunawakuta wamelala safu ukutani, wengine mama zao bado wanawalamba. Tulitumwa sisi wanawake tuwabebe na toroli. Nilibeba. Na nilifurahi, Resti. Sitakuficha. Kila niliyemtupa shimoni nilisema kimoyomoyo, huyu wa wali, huyu wa jogoo, huyu wa baba.

Tomasi akaja kutoka Dar. Alizunguka mazizi yote, kisha akamwita Batista mbele yetu sote. Akamwambia, “Mzee Kamilius alikuamini. Leo angekuonea aibu.” Jina la baba yangu mdomoni mwake! Akamfukuza palepale. Batista akamkabidhi ufunguo. Alikuja nyumbani jioni na mkoba wake kuniaga, akasimama mlangoni, hakutaka hata kukaa. Akasema, “Dada, nimefikiri mpaka nimechoka, sijui nilikosea wapi. Lile zizi nilifunga kwa mkono wangu.”

Nilimwambia, “Safari njema.” Hayo tu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, mtu amesimama hatua mbili kutoka kwangu, nikamtakia safari njema. Alikwenda Nalasi, huko Tunduru, yuko mpaka leo anapalilia mikorosho ya watu. Mtu aliyejua kondoo kwa sauti! Na Tomasi? Tomasi aliagiza kondoo wengine. Kabla mvua haijakata malori yalikuwa yamekwisha waleta.

Mwaka uliofuata niliacha kazi nikaja nanyi mjini. Nakuandikia haya si kwa sababu nimekuwa mtakatifu. Padre aliwahi kuniambia nimsamehe yule mtu, kwa faida ya roho yangu. Nikamwambia, “Baba, shikamoo, lakini ng'o.” Nimekaa na hasira hii miaka, nimeilisha, nimeivika, imekua pamoja na wewe na mdogo wako. Sijutii kumchukia Tomasi. Ninachojutia ni kwamba nilimpiga yeye na akaanguka Batista.

Ndiyo maana barua yako ya ajira ilinikalisha chini. Umechaguliwa na mtu asiyejua wewe ni mtoto wa nani. Unatumia jina la baba yako, na ukoo wa baba yako haumhusu. Utakaa kwenye chumba kimoja na makabati yake. Utatunza mafaili! Wiki mbili nilikuwa nikikupikia chakula na kichwani nakupangia wizi. Nilikuwa nimekwisha amua nikuambie: tafuta, fungua kila droo, ikipatikana itie kwenye nguo ya ndani upande basi urudi. Nilikuwa naona sura yake siku atakapogundua. Nilikuwa natabasamu peke yangu sokoni, wateja wanadhani nawafurahia wao.

Halafu jana ukawa unapiga pasi ile blauzi nyeupe, unaniuliza kama kola imekaa sawa, nikakuona. Watakukamata, Resti. Watasema karani mwizi kutoka Songea. Barua itakuwa kitu cha wizi, hakuna atakayeisoma, na wewe utaondoka na mkoba wako kama alivyoondoka Batista, kwa kosa langu mimi. Basi nimeacha. Usiibe hata kalamu. Usiguse kabati ambalo hujatumwa. Fanya kazi yake vizuri kuliko makarani wote aliowahi kuwa nao.

Lakini usidhani nakuachia hivihivi. Nataka kitu, na nakuomba nikiwa najua nakubebesha. Ukishazoea, siku utakayochagua wewe, kuwe na watu wengine chumbani, wazungu wenzake au watu wa ardhi au yeyote, simama mbele ya meza yake umwambie wewe ni mtoto wa Gaudensia wa Lihungo. Umwambie mama yako hakutuma matusi safari hii. Umwambie mama yako ametuma barua ya baba yake.

Maana alichukua karatasi, Resti. Maneno hakuyachukua. Nilikuwa msomaji wa babu yako kwa miaka yote ile, na hata nikiwa nalia kwenye mkutano ule ningeweza kuyasema yote, kama si yule mtu kucheka nikapotewa na sauti. Wewe una sauti ya kwaya. Nayaandika hapa kama yalivyokuwa, na makosa yake yote, usiyasahihishe. Yashike kichwani kabla basi halijafika, kisha usitegemee karatasi hii.

“Mzee Kamilius, salamu. Ana wangu amekufa jana jioni. Mvua inazuia njia, na mimi sina mahali ya kumweka. Serikali imenipa majani kwa kondoo, lakini ardhi hii ni wewe na baba zako, na kaburi si kazi ya serikali. Naomba mahali padogo karibu na mama yako, ili mtoto asikae peke yake. Nikiondoka siku moja, yeye atabaki kwa ruhusa yako. Mimi na mke wangu tumekubali, na mtoto wangu Tomasi nitamwambia akiwa mkubwa, kwamba hapa hatuna kitu cha kudai, ila tuna mtoto mliyetupokelea. Mungu akulipe, mimi siwezi.”

Hiyo ndiyo ile “barua ipi”.

Msomee polepole, usiruke mahali penye jina lake. Pengine atakufukuza kazi, na hilo nalijua, na ndiyo maana nasema siku utakayochagua wewe, hata iwe baada ya miaka. Ukiona huwezi kabisa, usiseme, na mimi sitakuuliza. Hapa Msamala utaingia kama unavyoingia siku zote, bila kubisha hodi. Ila mimi kazi yangu nyingine nimekwisha ianza: keshokutwa, ukiwa unatafuta kiti chako ofisini, nitakuwa kwenye gari la Tunduru naelekea Nalasi, kumwambia Batista ni nani aliyefungua lile zizi.

Mimi niliyekuzaa,
Gaudensia binti Kamilius